Sakafu ya Zege ya Chumba cha Chini: Kuiandaa, Kuipaka Rangi na Kuiziba

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi kwenye miteremko ya Kibosho na Machame, na kwa upande wa Arusha kule Ilboru, zina chumba kimoja au viwili vilivyozama ardhini kwa upande wa juu wa kiwanja, huku mlango ukifunguka upande wa bondeni. Mafundi hukiita besimenti, wenye nyumba hukiita stoo, na wakati mwingine gari huegeshwa humo pamoja na magunia ya mahindi na baiskeli za watoto. Kuingia ardhini si jambo geni kwa watu wa Kilimanjaro, kwani mahandaki ambayo wenyeji walijichimbia ili kujificha wakati wa vita na Wamaasai bado hutembelewa kule Marangu. Waliojificha humo, hata hivyo, hawakuwa na haja ya kupaka sakafu rangi.

Anayetaka kuipaka rangi sakafu ya chumba cha namna hiyo husoma maelezo yaliyo kwenye kopo, akayafuata neno kwa neno, na bado rangi ikamtoka baada ya masika moja. Sababu ni kwamba maelezo hayo yameandikwa kwa ajili ya zege tupu. Sakafu zetu si zege tupu. Chini kabisa kuna jamvi lililomwagwa kwa kokoto na mchanga, juu yake kuna tabaka la mchanga na saruji ambalo fundi huliita sakafu yenyewe, juu ya hilo kuna niru, yaani uji wa saruji tupu uliosuguliwa kwa mwiko mpaka ukang'aa, na katika nyumba nyingi juu ya niru kuna miaka kadhaa ya nta nyekundu. Rangi hushika tabaka la juu tu. Ikiwa tabaka hilo ni nta, umepaka rangi nta. Ikiwa ni niru iliyoachana na sakafu, umepaka rangi ganda litakalobanduka.

Niliyajifunza haya kwa hasara. Mwaka wa kwanza wa kuhamia Kibosho nilinunua galoni mbili za rangi ya mafuta, nikaipaka stoo yetu mwezi wa Februari, ikang'aa hata jirani akaja kuitazama. Katikati ya Mei nilisogeza gunia la mahindi nikakuta sakafu imeota malengelenge yenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili. Nilitoboa moja kwa msumari, yakatoka maji ya rangi ya chai, na nilipoyasugua kati ya vidole yakateleza kama maji ya kufulia. Ilikuwa sabuni kweli. Saruji ina alkali kali, na rangi ya mafuta inapokutana na unyevu uliobeba alkali hiyo hugeuka polepole kuwa sabuni, kwa njia ileile inayotumika kutengenezea sabuni ya mche kutokana na mafuta ya mawese. Tangu siku hiyo sijapaka rangi ya kawaida ya mafuta kwenye sakafu iliyogusana na ardhi, na simshauri mtu yeyote kufanya hivyo, hata kama muuzaji atasema wateja wake wote huitumia.

Kupima unyevu

Kazi ya kwanza haihitaji brashi. Kata vipande vinne au vitano vya nailoni nzito inayopitisha mwanga, kila kimoja kiwe na upana wa nusu mita kwa nusu mita, uvitandaze sehemu mbalimbali za sakafu: kimoja katikati, kimoja kando ya ukuta ulioegemea udongo, kimoja kwenye kona inayonuka ukungu, na kimoja karibu na mlango. Bandika kingo zake zote kwa gundi ya utepe isiyopitisha hewa, kisha uviache kwa muda wa saa 24 bila kuvigusa. Ukivifunua, tazama mahali penyewe. Matone yakiwa upande wa chini wa nailoni, au sakafu ikiwa imekuwa nyeusi kuliko sehemu inayoizunguka, unyevu unapanda kutoka ardhini. Matone yakiwa juu ya nailoni, unyevu unatoka hewani na kuganda juu ya sakafu iliyo baridi. Maradhi hayo mawili hayana tiba moja, kwa hiyo ni vizuri kuyatofautisha kabla hujatumia fedha.

Wakati wa kupima una maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Sakafu iliyopimwa Februari, jua likiwa limeikausha ardhi kwa miezi miwili, itakuonyesha nailoni kavu kabisa na kukudanganya, kama ilivyonidanganya mimi. Pima Mei, mvua za masika zikiwa zimeshibisha udongo, kisha paka Septemba au Oktoba, au usubiri Januari, baada ya vuli. Kama nyumba ni mpya, hesabu pia siku 28 kamili tangu sakafu ilipomwagwa, kwa sababu saruji changa huendelea kutoa maji yake yenyewe hata pasipokuwa na maji ya ardhini.

Nailoni ikikuonyesha unyevu unaopanda, usikimbilie kununua rangi inayosemekana kuzuia maji. Maji yanayosukumwa kutoka chini yana nguvu ya kuinua tabaka lolote lililobandikwa juu yake, na kadiri rangi inavyozidi kuwa nzito isiyopitisha hewa ndivyo malengelenge yanavyokuwa makubwa. Toka nje ukatafute maji yanakotoka. Katika miteremko yetu mhalifu mara nyingi ni mmoja kati ya watatu. Wa kwanza ni paa lisilo na gata, linalomwaga maji yake yote kwenye ukuta wa upande wa juu. Wa pili ni udongo uliorundikwa ukainamia ukuta badala ya kuupa mgongo. Wa tatu ni mfongo wa zamani, yaani mfereji wa kienyeji wa maji ya kumwagilia mashamba, unaopita juu ya kiwanja, ambao umeziba mahali na kuanza kuvuja kimyakimya ardhini. Huyu wa tatu ni mgumu, maana mfongo ni wa ukoo au wa kijiji na huwezi kuuhamisha kwa uamuzi wako; lakini unaweza kuzungumza na wanaousimamia, mkashirikiana kuusafisha na kuutia saruji kwenye mita chache zinazopita juu ya nyumba yako. Sisi tulifanya hivyo, tukachimba pia mtaro wa kina cha goti kando ya ukuta, tukaujaza kokoto na bomba lenye matundu linalopeleka maji bondeni, na masika yaliyofuata nailoni ilikuwa kavu katika vipande vinne kati ya vitano.

Kile cha tano kilikuwa kwenye kona. Mahali kama hapo, ambapo unyevu umepungua bila kuisha, kuna uamuzi wa busara ambao mafundi wa rangi hawaupendi, nao ni kutopaka rangi kabisa. Kuna dawa ya maji yenye silikati ambayo humwagwa juu ya sakafu, ikapenya na kuungana na chokaa iliyomo ndani ya saruji, ikaifanya sakafu iwe ngumu na iache kutoa vumbi, huku ikiruhusu mvuke wa maji kupita. Haileti rangi wala mng'aro mkubwa, lakini haina ganda, na kisicho na ganda hakibanduki. Kwa stoo ya kawaida inatosha sana.

Kuondoa nta, niru iliyokufa na uchafu wa miaka

Sakafu ikiwa kavu, toa kila kitu chumbani. Usisogeze vitu upande mmoja ukapaka nusu, kwa sababu maungio ya nusu mbili yataonekana daima, na vumbi la upande ulioachwa litakuja kukaa kwenye rangi mbichi.

Dondosha matone machache ya maji sehemu mbalimbali. Yakikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, kuna nta au mafuta. Yakizama na kuacha doa jeusi ndani ya dakika moja hivi, sakafu iko wazi. Nta haiondolewi kwa mashine kwanza, kwani joto la mashine huiyeyusha na kuisukuma ndani zaidi. Ilainishe kwa tapentaini ukitumia sufi ya chuma, eneo dogo kwa wakati mmoja, na uifute papo hapo kwa matambara safi kabla haijakauka tena. Matambara hayo yatandaze nje yakauke. Usiyarundike kwenye kona ya chumba. Baadaye sugua sakafu nzima kwa maji ya moto na sabuni ya unga kwa kutumia brashi ngumu, suuza mara mbili, na urudie jaribio la matone. Palipodondokewa oili ya gari huenda pakahitaji kurudiwa mara tatu au nne, na oili iliyozama kwa miaka mingi huenda isitoke kabisa. Hapo ni afadhali kuikata sehemu hiyo kwa tindo na kuijaza upya.

Kisha ipigie sakafu hodi. Chukua mpini wa nyundo, ugonge polepole hatua kwa hatua kutoka ukuta hadi ukuta, huku ukisikiliza. Panaposhikamana hutoa mlio mfupi mzito. Panapoachana hutoa mlio mtupu kama wa debe. Chora duara kwa chaki kila mahali penye mlio wa debe, uvunje niru hiyo yote mpaka ufike kwenye tabaka linaloshika. Inauma kuvunja sakafu inayoonekana nzima, lakini rangi haitaifunga chini; itaondoka nayo.

Niru iliyobaki, ile iliyoshika vizuri, bado ni laini mno. Uso wake umefungwa na mwiko hata rangi haipati mahali pa kung'ang'ania, na ni lazima ukwaruzwe mpaka uwe na mparuzo kama wa msasa wa wastani. Kuna njia mbili, nami nina upande wangu.

Njia ninayoipendekeza ni grenda yenye jiwe la kikombe lenye chembe za almasi, iliyofungwa kifuniko na kuunganishwa na mashine ya kufyonza vumbi. Vifaa hivyo vinaweza kukodiwa, na kwa chumba cha mita 20 za mraba siku moja inatosha. Endesha grenda kwa mizunguko inayopishana, usikae mahali pamoja, la sivyo utachimba visahani vitakavyoonekana wazi mwanga ukipiga kwa ubavu. Vumbi la saruji na mchanga lina silika inayoharibu mapafu bila kurudi nyuma, na katika chumba kilichozama halina pa kwenda. Vaa barakoa inayokaza usoni inayotengenezwa kwa ajili ya vumbi laini, wala si kitambaa, pamoja na miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio. Fundi atakuambia amefanya kazi hii miaka 20 bila barakoa. Mnunulie ya kwake.

Njia ya pili ni asidi ya haidrokloriki, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya kuondoa saruji iliyogandia vigae. Ni rahisi, na ndiyo sababu wengi huichagua, lakini mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hutuama chini, mahali hasa ulipopiga magoti. Itumie tu ikiwa chumba kina mlango na dirisha vinavyopitisha upepo. Tia maji kwanza kwenye ndoo ya plastiki, sehemu 10, kisha uongeze asidi sehemu 1 taratibu; usimwage maji juu ya asidi, kwa sababu huchemka na kuruka usoni. Vaa gambuti, glavu ndefu za mpira na miwani. Lowesha sakafu kidogo, mwaga mchanganyiko kwa kopo la plastiki la kumwagilia maua, usugue kwa ufagio mgumu, nawe utaona povu likifoka kama maji ya ndimu yaliyotiwa magadi. Povu likitulia, baada ya dakika 10 hivi, suuza, mwaga maji yaliyochanganywa na soda ya kuokea ili kuua asidi iliyosalia, usuuze tena mara mbili au tatu mpaka maji yatoke safi. Pasipotoa povu pana nta: rudi nyuma ukaiondoe.

Kuna makosa mawili ninayoyaona mara kwa mara katika kazi ya asidi. La kwanza ni kutumia maji ya betri ya gari kwa kuwa yapo gereji na ni ya bei nafuu. Hiyo ni asidi ya salfuriki, ambayo ikikutana na saruji huacha unga wa jasi juu ya sakafu, na rangi hushika unga huo badala ya kushika sakafu. La pili ni la hatari ya kufa mtu: baadhi ya watu husafisha fangasi wa ukutani kwa dawa ya klorini ya kufulia, ile ambayo wengi huiita jiki kwa ujumla, na siku hiyohiyo wakamwaga asidi sakafuni. Vikikutana hutoa gesi ya klorini. Katika chumba chenye mlango mmoja gesi hiyo haikupi muda wa kufikiri. Maliza kazi ya fangasi wiki moja kabla, suuza sana, na usiweke chupa hizo mbili katika chumba kimoja.

Nyufa

Ufa mwembamba kama unywele, ambao haujabadilika kwa mwaka mzima, hauna neno; praima, yaani rangi ya chini inayopakwa kwanza, itauziba. Ufa unaoingia kucha upanue kwa tindo au grenda uwe na umbo la V, ufyonze vumbi lake lote, uujaze kwa mchanganyiko wa epoksi na mchanga mkavu uliochekechwa, au kwa saruji iliyotiwa gundi ya kuunganishia zege, na uusawazishe kwa msasa ukishakauka. Saruji tupu ya kawaida haishiki kwenye ufa wa zamani. Itatoka kama jino bovu.

Ufa ulio hai ni jambo jingine. Uchore mstari wa penseli unaoukata, uandike tarehe pembeni, uutazame tena baada ya miezi mitatu. Kama mstari umeachana, ardhi inasogea, na hapo unahitaji mtu anayejua misingi kabla ya mtu anayejua rangi. Maungio ya sakafu na ukuta nayo husogea kidogo kwa joto na baridi. Yajaze kwa gundi laini ya poliyurethani, wala si silikoni, kwa kuwa hakuna rangi inayokubali kukaa juu ya silikoni.

Kuchagua rangi na kukadiria kiasi

Rangi ya maji ya akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya sakafu inapitisha mvuke kidogo, haina harufu kali, na ni rahisi kurekebisha. Inafaa kwa stoo na kwa chumba cha kufanyia kazi ndogondogo. Rangi ya epoksi ya makopo mawili, moja la rangi na jingine la kigumishi kinachoifanya iive, ndiyo ngumu kuliko zote, haijali oili wala magurudumu, na udhaifu wake unaojulikana, yaani kupauka na kugeuka njano kwa jua, hauna nafasi katika chumba kisichoona jua. Lakini epoksi haisamehe. Unyevu mdogo ambao akriliki ingeuvumilia, epoksi itauinua uwe lengelenge. Kwa gereji iliyopita jaribio la nailoni mwezi wa Mei, ningenunua epoksi. Kwa stoo yenye historia, akriliki au silikati.

Kwa hesabu, chukulia kwamba lita moja hupaka mita 8 za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, kwenye sakafu iliyokwaruzwa, hata kama kopo linasema zaidi. Chumba cha mita 5 kwa mita 4 kina mita 20 za mraba, kwa hiyo kila mkono unahitaji lita 2.5, mikono miwili lita 5, na praima lita 3, kwa kuwa praima hunywewa. Galoni moja ya lita 4 haitoshi na galoni mbili zitabaki. Nunua mbili za toleo moja, uzichanganye pamoja kwenye ndoo safi ili rangi isitofautiane katikati ya chumba. Ikiwa ni epoksi, kinachochanganywa hivyo ni kopo la rangi pekee; kigumishi kisubiri.

Siku ya kupaka

Sakafu iliyosuuzwa iache ikauke siku tatu, madirisha yakiwa wazi. Fyonza vumbi mara mbili, kisha pitisha kitambaa cheusi kilicholoweshwa kidogo. Kikitoka na weupe, bado. Ufagio peke yake hausafishi, unahamisha.

Asubuhi ya Moshi au Arusha ni mtego. Usiku huipoza sakafu, na unapofungua mlango saa nne, hewa ya joto yenye unyevu huingia na kuacha umande juu ya sakafu usioonekana kwa macho. Kanuni ya wenye vipimo ni kwamba sakafu iwe na joto linalozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikishuka kulifikia huanza kuacha umande, kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi. Mimi, nisiye na vipimo, hulaza kioo kidogo cha kujitazamia juu ya sakafu kwa muda wa saa moja mlango ukiwa wazi. Kikiwa na ukungu, nasubiri. Kwa upande wa Arusha, iliyo juu zaidi na yenye usiku wa baridi kali mwezi wa Julai, kuna tatizo la ziada, nalo ni kwamba epoksi nyingi huchelewa sana au hukataa kuiva joto likishuka kufikia nyuzi 10. Usijaribu kukitia chumba joto kwa jiko la mkaa. Mbali na hewa ya sumu inayoua watu kila msimu wa baridi, hewa ya mkaa huacha utando mweupe wenye mafuta juu ya epoksi mbichi, na mkono wa pili hautashika juu yake. Mivuke ya thina nayo hutambaa chini kama asidi, kwa hiyo jiko, sigara na swichi inayotoa cheche vikae mbali. Weka feni mlangoni ikitazama nje, ivute hewa chafu itoke.

Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo za ukuta. Praima ipakwe nyembamba, isuguliwe kwa brashi kwenye vinyweleo, isiachwe kidimbwi. Ikikauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, anza rangi: pembeni kwa brashi, upana wa kiganja, kisha rola yenye mpini mrefu, ukianzia kona iliyo mbali kabisa na mlango. Inashangaza ni watu wangapi, wenye akili zao, hujikuta wamesimama katikati ya kisiwa kilichozungukwa na rangi mbichi.

Epoksi ina taratibu zake. Koroga kila kopo peke yake kwanza, kisha mimina kigumishi chote kinacholingana na rangi unayochanganya ndani yake, ukoroge kwa mche unaofungwa kwenye drili kwa mwendo wa taratibu kwa dakika tatu, ukikwangua kingo na chini ya ndoo. Halafu hamishia kwenye ndoo nyingine safi na ukoroge tena, kwa kuwa kiasi kilichoganda ukutani mwa ndoo ya kwanza bila kuchanganyika kitabaki kikinata sakafuni mwaka mzima. Usigawe makopo kwa kukisia. Kigumishi kikipungua kidogo, rangi haiivi. Tangu hapo saa inakimbia. Mchanganyiko uliobaki kwenye ndoo hujipasha joto wenyewe na kuganda upesi kuliko ule uliotandazwa, wakati mwingine mpaka ndoo ikafuka moshi, hivyo changanya kiasi unachoweza kupaka katika nusu saa, ukimimine sakafuni kwa mstari mrefu, uutandaze kwa rola.

Mkono wa pili upakwe kwa kukatiza mwelekeo wa kwanza. Ukichelewa kupita muda ulioandikwa wa kurudia, ambao kwa epoksi nyingi ni siku moja hivi, kwaruza kidogo kwa msasa na ufute vumbi, la sivyo mikono miwili itakuwa majirani wasiosalimiana. Kwenye ngazi na mahali gari linapoingia, nyunyizia mchanga mweupe mkavu uliochekechwa juu ya mkono wa kwanza ukiwa mbichi, ufagie uliozidi kesho yake, kisha upake wa pili. Epoksi iliyolowa bila mchanga huteleza kama mtaro wenye mwani.

Kuziba

Neno hili hutumika kwa mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kumeharibu kazi nyingi. Kuna kuziba zege lisilopakwa rangi, kwa silikati niliyoitaja au kwa dawa ya siloksani inayofukuza maji, na kuna kuziba juu ya rangi kwa mkono wa mwisho usio na rangi, mara nyingi wa poliyurethani, ili kukinga mikwaruzo. Dawa ya siloksani haipakwi kabla ya rangi, kwa kuwa kinachofukuza maji hufukuza na rangi pia. Mkono wa juu wa poliyurethani nao hauhitajiki kila mahali. Stoo ya magunia haiuhitaji. Gereji inauhitaji, kwa sababu matairi yenye joto hulainisha rangi na kuibandua gari linapoondoka asubuhi. Upake mwembamba, mara mbili, siku ileile rangi inapokubali kurudiwa.

Tembea juu yake kwa soksi baada ya siku moja, rudisha vitu vyepesi baada ya siku tatu, na gari au makabati mazito baada ya siku saba. Kwa baridi ya Julai ongeza siku. Magunia ya kahawa yasubiri mpaka harufu iishe kabisa, hata kama ni mwezi mzima, maana kahawa hunyonya harufu yoyote iliyo karibu, na hata baadaye yakae juu ya vichanja vya mbao ili hewa ipite chini yake. Safisha kwa maji na sabuni laini. Usiirudishe nta.

Rangi iliyobaki itie kwenye chupa ndogo ya kioo iliyojaa mpaka shingoni, uandike tarehe na jina la rangi. Ya epoksi, kigumishi kikae katika chupa yake peke yake. Mwezi wa Mei unaofuata inua gunia lililo kwenye ile kona iliyokuwa na unyevu, upitishe kiganja. Ukikuta lengelenge moja, likate kwa kisu mpaka penye rangi iliyoshika, ukaushe, ukwaruze, na uzibe kwa rangi ya kwenye chupa kabla halijapata wenzake.